Sioni jema lolote katika selimundu. Je, nina kasoro moyoni?

*Shikamoo mama. Mimi ni msichana wa miaka 26, fundi cherehani hapa Sengerema mjini. Nina selimundu tangu utotoni. Mwaka huu nimelazwa mara mbili, na mara ya pili nilinyang'anywa kazi ya sare za harusi kwa sababu sikuzimaliza. Nyumbani na kanisani kila mtu ananiambia nitazame mema, nishukuru kwa kila hali. Kliniki nina mwenzangu anayesema ugonjwa huu umempa mambo mengi mazuri. Mimi nikijaribu kusema hivyo nahisi nadanganya. Mchungaji ameniomba nitoe ushuhuda na nimekwama. Je, nina kasoro? Na hayo mema wenzangu wanayapata wapi?*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa kulazwa, na pole kwa zile sare za harusi. Nadhani wengi walikupa pole ya kwanza wakaisahau ya pili, ilhali fundi aliyeshindwa kumaliza kazi ya harusi hupoteza pesa, hupoteza mteja, na jina lake huanza kusemwa mtaani. Hilo nalo ni sehemu ya ugonjwa wako, na una haki ya kulililia.

Swali lako la kwanza nalijibu kwa ufupi: huna kasoro yoyote. Selimundu si jambo jema. Chembe nyekundu za damu zinageuka umbo, zinakuwa ngumu na kupinda kama mundu, zinaziba mishipa midogo, na nyama na mifupa iliyo mbele ya mishipa hiyo inakosa hewa ya oksijeni. Chembe ya kawaida huishi siku 120 hivi. Ya mwenye selimundu huishi siku 10 hadi 20, ndiyo maana damu yako huwa chini na macho huingia umanjano ambao watu hukuuliza kila mara. Maumivu yanayotokana na hali hiyo ni miongoni mwa makali kabisa tunayoyaona wodini. Anayekutaka uyaite baraka yakiwa yamekukamata hajui anachokuomba, hata kama anakupenda sana. Mimi sitakuomba hilo.

Swali la pili ndilo linalotaka nafasi. Nadhani mema umekuwa ukiyatafuta ndani ya ugonjwa wenyewe, na humo hayamo, ndiyo maana kila ukifungua kinywa unajisikia mwongo. Yapo kando yake. Yapo katika siku zilezile, wakati mwingine katika saa zilezile, na unaweza kuyaokota bila kuisifu selimundu kwa neno hata moja.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, mtafiti wa Marekani aitwaye Susan Folkman aliwafuatilia, huko San Francisco, wanaume waliokuwa wakiuguza wenzi wao wenye UKIMWI. Enzi hizo dawa tulizonazo leo za kufubaza virusi hazikuwepo, na wengi wa wagonjwa wale walifariki. Yeye na wenzake walikwenda na maswali ya shida tupu: lipi lilikulemea, ulilikabili vipi. Waliolalamika ni waliohojiwa wenyewe. Wakasema mbona hamtuulizi yaliyokwenda vizuri? Watafiti wakaongeza swali hilo, na karibu kila mtu alikuwa na la kusimulia: mlo maalumu ulioandaliwa nyumbani, rafiki aliyepita, neno la sifa kwa kazi ndogo, ua lililoonwa njiani. Watu hawa walikuwa na huzuni nzito, vipimo vilionyesha hivyo, na furaha hizo ndogo zilikuwepo pamoja na huzuni hiyo. Hawakungoja huzuni iondoke ndipo wafurahi.

Nimefanya kazi ya ushauri nasaha na wagonjwa wa maradhi ya muda mrefu hapa Mwanza, na hicho ndicho ninachokiona. Mtu analia kwa ajili ya mguu, na dakika chache baadaye anacheka kwa dhati na jirani wa kitanda cha pili kwa jambo lililosemwa na mleta uji. Mguu bado unauma. Kicheko nacho ni cha kweli. Ukianza kuamini kwamba viwili hivyo vinaweza kukaa pamoja, utaacha kungoja siku ambayo hutaumwa ndipo ujiruhusu kuishi.

Lakini kabla sijaendelea, kuna jambo ambalo nisipolisema nitakuwa nimekudhuru. Kutafuta mema hakuchukui nafasi ya tiba. Wako wanaojilazimisha kutabasamu wakiwa na maumivu ambayo yangeweza kupunguzwa, wakidhani uvumilivu ndio imani. Kulazwa mara mbili ndani ya mwaka kunatosha kuwa sababu ya kukaa na daktari wako na kuuliza kama mpango wa matibabu unahitaji kubadilishwa. Hukuniambia kama unatumia haidroksiyurea. Ni dawa inayomezwa kila siku, nayo huufanya mwili utengeneze kwa wingi ile hemoglobini tuliyokuwa nayo tumboni mwa mama, ambayo huzuia chembe zisipinde. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019, uliofanywa kwa watoto wa Angola, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Kenya na Uganda, ulionyesha kwamba dawa hii ilipunguza maumivu, kuongezewa damu, malaria na hata vifo. Haifanyi kazi kwa wiki moja. Huchukua miezi, na inahitaji kupimwa damu mara kwa mara. Ukiwa na mpango wa kupata mtoto, mweleze daktari mapema kwa sababu huenda akaisimamisha. Bei yake ni mzigo kwa wengi. Ikikushinda, usiache kimyakimya. Pita ofisi ya ustawi wa jamii hapo hospitali, ueleze hali yako waziwazi.

Na malaria. Wako watu huku kanda ya ziwa wanaoamini mwenye selimundu hapati malaria kali. Wamechanganya mambo mawili. Anayepata kinga ni yule aliyerithi kinasaba cha selimundu kutoka kwa mzazi mmoja tu, kama mtafiti Anthony Allison alivyoonyesha mwaka 1954 baada ya kupima watu wa Afrika Mashariki. Wewe uliyerithi pande zote mbili malaria hukuumiza kuliko wengine. Chandarua kila usiku, na homa yoyote ni safari ya kituo cha afya siku hiyohiyo. Maji ya kunywa usiyangoje kiu. Lita 2 hadi 3 kwa siku kwa mtu mzima, isipokuwa kama daktari amekuwekea kiwango kingine. Upepo wa ziwa wa alfajiri, hasa Juni na Julai, unaujua kuliko mimi. Vaa sweta bila kuona haya, hata mwenzako akiwa amevaa blauzi nyepesi.

Jambo moja limenifurahisha kwa niaba yenu nyinyi wa Sengerema, ng'ambo ya pili ya ziwa. Daraja la Kigongo–Busisi lilizinduliwa tarehe 19 Juni 2025, na tarehe 19 Juni ndiyo Siku ya Selimundu Duniani. Nadhani waliopanga hawakulifikiria hilo. Lakini mtu aliyewahi kukaa kwenye foleni ya pantoni akiwa amekunjamana kwa maumivu ya mgongo, akisubiri avuke apelekwe hospitali ya Bugando, Mwanza, anajua maana ya kilomita 3 za barabara juu ya maji.

Sasa, mema yenyewe. Mengine nitayapita haraka kwa sababu naamini unayo tayari, ila hukuyahesabu. Unaujua mwili wako kuliko watu wengi wa rika lako. Unajua dalili ya maumivu siku moja kabla hayajafika. Unajua nani ni ndugu wa kweli, kwa kuwa umewaona nani alikuja na chupa ya chai saa nane usiku na nani alituma salamu. Watu wengine hufikisha miaka sitini bila kuujua ukoo wao hivyo. Hayo ni maarifa, na umeyalipia ghali.

Ninalotaka nikae nalo ni jingine. Kanda yetu ina selimundu kwa wingi. Damu za watoto wachanga wa mikoa ya huku zilipopimwa Bugando, ilionekana karibu mtoto mmoja kati ya watano amebeba kinasaba kimoja, na zaidi kidogo ya mmoja kati ya mia ana ugonjwa wenyewe. Maana yake kila siku ya kliniki, kwenye benchi ulilokaa wewe, yupo mama kijana ambaye ndiyo kwanza ameambiwa. Ana mtoto wa miezi tisa mwenye vidole vilivyovimba. Mama mkwe amemwambia ukoo wao haukuwahi kuwa na ugonjwa huu, kana kwamba kinasaba cha baba hakihusiki. Jirani amemwambia watoto wa namna hii hawafiki miaka 18. Muuguzi amemweleza vizuri kabisa kuhusu penisilini ya kila siku mpaka mtoto atimize miaka mitano, kuhusu foliki, kuhusu kupapasa bandama, na yeye hakusikia neno, kwa sababu masikioni mwake kuna sauti moja tu: mwanangu atakufa.

Halafu anakutazama wewe. Una miaka 26. Una futi ya kitambaa shingoni kwa sababu umetoka kazini moja kwa moja. Macho yana umanjano kama ya mwanawe.

Hakuna mtaalamu anayeweza kumpa mama huyo unachompa wewe kwa kukaa hapo. Mimi naweza kumsomea takwimu na nisimfikie. Wewe ukimwambia tu, "Dada, na mimi ninayo, naitwa fulani, ni fundi cherehani," umeshamfungulia mlango. Na huhitaji kumpamba. Akikuuliza kama inauma, mwambie inauma. Mwambie pia kile mama yako alichokifanya kikakusaidia ulipokuwa mdogo: kukuamsha unywe maji, kumwambia mwalimu asikuchape ukiomba kwenda chooni mara kwa mara, kukukataza kuogelea ziwani asubuhi ya baridi hata ulipolia kwa hasira. Mambo hayo hayapo yote kwenye vipeperushi. Yako kwako.

Nakwambia hili kwa sababu nimeliona likiwabadilisha watu zaidi ya zoezi lolote ninaloweza kukupa. Mgonjwa wa muda mrefu anachoka kuhudumiwa. Kila siku yeye ndiye anayepikiwa, anayebebwa, anayechangiwa nauli. Siku anapokuwa na kitu ambacho mwingine anakihitaji na hakipati kwingine, anarudi nyumbani akiwa na uso mwingine. Usilifanye siku unayoumwa, na usilifanye kila kliniki kama zamu. Siku nyingine kaa pembeni, unyamaze. Benchi ni lako pia.

Kuhusu ushuhuda, nakushauri umwendee mchungaji kabla ya Jumapili hiyo na umwambie ukweli: nitasema, lakini sitasema nimepona wala sitasema nashukuru kwa ugonjwa. Nitasema jinsi ninavyoishi. Zaburi zimejaa watu waliomlilia Mungu, na zile zaburi husomwa kanisani bila mtu kuona aibu, kwa hiyo sioni kwa nini kilio chako kisiwe na nafasi pale mbele. Kama atakubali, simama useme dakika tano: maumivu yakoje, nani alikusaidia, kanisa lingeweza kufanya nini. Waambie kwamba mwenye selimundu anahitaji damu, na kwamba kijana mwenye afya aliyekaa pale anaweza kwenda kuchangia wiki hiyohiyo. Waambie wanaochumbiana wakapime. Kama mchungaji atataka ushuhuda wenye mwisho wa ushindi tu, una ruhusa ya kusema, "Bado, baba," na usijione umemkosea Mungu.

Nyumbani ni kugumu zaidi, maana wanaokwambia "shukuru" ndio wanaokesha na wewe. Mara nyingi mama anasema hivyo kwa sababu yeye mwenyewe anaogopa, na ukilia anakosa pa kushika. Mpe kitu cha kufanya. "Mama, maumivu yakinikamata usinifariji kwanza. Niletee maji, nikandie mgongo kwa kitambaa cha moto, unipe dawa nilizoandikiwa, kisha ukae." Mtu mwenye kazi mkononi hupunguza maneno.

Umeuliza wenzako wanayapata wapi mema, nami nikupe njia moja inayofanyika peke yako. Mwaka 2003, wanasaikolojia Robert Emmons na Michael McCullough walichapisha tafiti kuhusu watu wanaoandika mambo wanayoyashukuru. Moja ilihusu watu wenye magonjwa ya neva na misuli, yaani watu wa maradhi ya muda mrefu kama wewe. Waliandika kila siku kwa siku 21. Walioandika mambo ya kushukuru walikuwa na moyo mwepesi zaidi, wakasema pia wanalala muda mrefu zaidi na wanaamka wamepumzika. Ugonjwa wao uliendelea kuwepo.

Mimi huwa nabadilisha zoezi hilo kidogo kwa watu wangu, kwa sababu daftari lenye shukrani tupu huwachosha na wengine huona linawadanganya, kama ulivyosema wewe. Chukua daftari lako la vipimo vya wateja, ukurasa wa nyuma. Andika kwanza kilichouma leo, bila kukipunguza. Kisha andika kitu kimoja kilichokuwepo pamoja nacho. Kiwe kitu chenye jina na mahali. Usiandike "familia yangu", hiyo ni hotuba. Andika "Mdogo wangu ameniletea sato wa kuchoma amemchambua miiba." Andika "Pindo la gauni la kijani limekaa sawa mara ya kwanza." Ikiwa siku hiyo hakuna, andika "leo hakuna", ulale. Mara mbili au tatu kwa wiki zinatosha. Ukilifanya kila siku kwa miezi litageuka kazi nyingine. Baada ya muda utaona kitu kinachojirudia, na hicho ndicho cha kukiwekea muda kwa makusudi. Kama kila mara linatokea jina la rafiki yuleyule, nenda kwake Jumamosi. Kama kila mara ni kushona, basi kazi hiyo ina maana zaidi ya pesa kwako na inastahili kulindwa.

Na tuilinde kweli. Kwa oda kubwa kama sare za harusi, tafuta fundi mmoja unayemwamini mkubaliane tangu mwanzo: ukilazwa, yeye anamalizia, mnagawana. Mwambie mteja hivyo siku anapolipa malipo ya awali. Utashangaa wangapi watakubali, kwa sababu wanachokiogopa ni kufika siku ya harusi bila nguo. Selimundu yako si tatizo kwao. Kata vitambaa siku zako za nguvu, na siku za uchovu zibaki za kupiga vifungo na kutia pindo umekaa. Ukipata akiba, funga mota kwenye cherehani ili miguu ipumzike. Siku unayojisikia mzima kabisa ndiyo ya hatari, kwa kuwa unataka kufidia kazi za wiki nzima, na uchovu mkubwa nao huita maumivu. Simama ukiwa bado unaweza kuendelea.

Mwenzako wa kliniki mwache na maneno yake. Inawezekana ni kweli kwake. Wanasaikolojia Richard Tedeschi na Lawrence Calhoun, walioupa jina katikati ya miaka ya 1990 ukuaji ambao watu wengine huupata baada ya pigo zito, wanasema unatokana na jinsi mtu anavyopambana na pigo; pigo lenyewe haliukuzi. Na hawasemi kila mtu lazima aupate. Inawezekana pia ana siku ambazo hasemi hivyo, ila siku hizo hamkukutana. Msikilize, chukua linalokufaa, na usijipime kwa kipimo chake.

La mwisho nalisema kwa uzito. Kuna tofauti kati ya kutoona jema katika selimundu, ambako hata mimi silioni, na kutoona jema katika kitu chochote. Ikiwa kwa wiki mbili au zaidi hupati raha hata ya kazi unayoipenda, usingizi umepotea au unalala mchana kutwa, chakula hakipiti, unajiona mzigo kwa mama yako, hiyo inaweza kuwa sonona. Huwapata wengi wenye maradhi ya muda mrefu, na inatibika. Mwambie daktari wako wa selimundu kwa maneno hayohayo, naye atakuunganisha na watu wa afya ya akili. Na kama mawazo ya kutaka kufa yamekujia, mwambie mtu mmoja nyumbani leo, asikuache peke yako, na mwende hospitali pamoja. Hilo, kama ilivyo homa, kifua kubana, kichwa kuuma ghafla kwa nguvu au upande mmoja wa mwili kulegea, halingoji tarehe ya kliniki.